Kipato cha kati kinapita barabara gani?

Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati, ngazi ya chini, kundi letu la familia la WhatsApp lilijaa pongezi. Mama mdogo, aliyeko Newala, mkoani Mtwara, akauliza: "Hicho kipato cha kati kinapita barabara gani?"

Tulicheka. Ila swali lina uzito. Mwaka 2015 lilizinduliwa bomba la gesi kutoka Madimba, Mtwara, hadi Kinyerezi, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Mama mdogo bado anapikia kuni.

Na korosho je? Mtwara ndiyo kinara wa zao hili nchini, lakini sehemu kubwa inauzwa ghafi India na Vietnam. Zile chache za kula tunabangua wenyewe uani: unazikaanga kwenye bati lililotobolewa mpaka mafuta ya maganda yashike moto, moshi unakukereketa koo, kisha unagonga moja moja kwa jiwe, vidole umevipaka majivu visichubuke. Kilo moja inakula asubuhi nzima, na thamani yote iko kwenye kazi hiyo.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Kabla ya Daraja la Mkapa, kwenye Mto Rufiji, kufunguliwa 2003, safari ya kusini wakati wa masika ilikuwa kamari. Lakini barabara peke yake haiajiri mtu. Wapwa zangu wameifuata kuja kuuza vocha Mbagala, Dar es Salaam. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa miaka ya 1970 vingi vilifungwa, vingine vikageuzwa maghala. Mimi ningeanzia hapo, kabla ya kuongeza barabara nyingine ya juu hapa Dar.