Siku moja maishani mwangu: mvuta nyaya kwenye tamasha la baridi, Kirkenes

Mama yangu mdogo alinitumia ujumbe wa sauti: "We mtoto, kumbe huko ni kula raha tu, kila picha uko kwenye muziki!" Picha alizoziona ni za tamasha letu la Februari. Nimesimama, jukwaa nyuma yangu, taa za kila rangi. Asichokiona ni kwamba nyaya za taa zile nimezivuta mimi, theluji iliyokuwa pale nimeizoa mimi, na koti nililovaa limeloa jasho kwa ndani na kuganda kwa nje. Nikamwahidi nitamsimulia siku moja ya kazi hii tangu kuamka mpaka kulala. Nimeona bora niiandike, na wengine wasome.

Saa kumi na moja alfajiri

Kipimajoto cha dirishani kinasema nyuzi 19 chini ya sifuri. Fulana ya sufu, sweta la sufu, ovaroli, soksi jozi mbili. Chai ya tangawizi kwenye chupa, maandazi ya jana kwenye mfuko wa ndani wa koti yasigande. Mfuko huohuo ndio makazi ya betri za maikrofoni. Betri ikipigwa na baridi hii inazimika hata kama imejaa, kwa hiyo nazibeba kifuani siku nzima kama kuku anayeatamia.

Simu yangu inaonyesha saa mbili tofauti: ya hapa, na ya Nakivale, Uganda, kambi ya wakimbizi alikobaki mama. Kule sasa ni saa moja asubuhi. Namsalimia, ananiambia nivae kofia, basi.

Saa kumi na mbili na nusu

Navalisha viatu meno ya chuma ili nisiteleze, natembea kwenda uwanja wa katikati ya mji. Kirkenes ni mji mdogo, watu kama 3,500, kwenye kona ya juu kabisa ya Norway upande wa mashariki. Kwa gari, robo saa tu umefika mpaka wa Urusi. Vibao vya mitaa vimeandikwa kwa Kinorwe na kwa herufi za Kirusi, na mimi herufi zile nimejifunzia hapo, nikipumzika na koleo mkononi.

Tamasha lenyewe ni Barents Spektakel. Wanaliandaa Pikene på Broen, kikundi cha sanaa kilichoanza 1996, jina lao maana yake wasichana wa darajani. Kuna muziki, maonyesho ya sanaa, michezo ya kuigiza, mijadala, na karibu kila kitu kinazungumzia mpaka: nani anavuka, nani hawezi, nani aligawanywa nao. Mimi si msanii. Miezi mingine nipo jikoni kwenye nyumba ya wazee. Wiki hii moja nachukua likizo, nakuwa kibarua wa jukwaa nalipwa kwa saa, na siku zote naona ni kazi ya heshima. Msanii akipanda, miguu yake inakanyaga kazi yangu.

Saa moja hadi saa sita

Kuzoa theluji, kumwaga changarawe njia za wapita njia, kusimamisha hema, kuvuta kebo. Hayo tu, saa tano.

Nisimame kwenye kebo kidogo, maana watu hudhani ni kuichomeka na kwenda zako. Kebo ya jukwaani ikilala nje kwenye baridi hii inakakamaa kama mpini wa mwavuli. Ukilazimisha kuikunja, mpira wa nje unapasuka, na ufa ule maji yakiingia, usiku umeme unakatika. Kwa hiyo kebo zinalala ndani kwenye joto, tunazitoa moja moja, mmoja anakimbia nayo huku inafunguka, mwingine anaizika chini ya theluji kabla haijagoma. Utepe wa kunatisha haunati. Skrubu ukiishika bila glavu inaondoka na ngozi ya kidole. Vigingi vya hema havipigiliki, ardhi ni jiwe, hivyo kila kamba inafungwa kwenye uzito.

Kuna sanduku moja la kuwekea nyaya ambalo bado lina maandishi ya Kirusi ubavuni, yameandikwa kwa rangi nyeupe. Mwenzangu mmoja wa siku nyingi hulipigapiga kila tukilibeba. Ananisimulia wanamuziki wa Murmansk, mji wa Urusi, walivyokuwa wakishuka kwenye basi hapahapa na vyombo vyao. Ushirikiano wa nchi za eneo hili la Barents, yaani kaskazini mwa Norway, Uswidi, Finland na Urusi, ulitiwa saini katika mji huu, Januari 1993. Na wazee wanakumbuka zaidi ya hapo: Wajerumani waliuchoma mji wakikimbia, na jeshi la Kisovieti ndilo lililoingia kuukomboa Oktoba 25, 1944. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine 2022, basi lile haliji tena. Sanduku limebaki.

Saa sita na nusu

Msimamizi anakuja na uso ambao nimeshaujifunza. Lori lenye spika na mashine ya kuchanganyia sauti limekwama. Njia ya mlimani imefungwa kwa upepo, magari yanasubiri kupitishwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji. Lilipaswa kufika jana, lakini kampuni ya usafirishaji ilichelewa kuondoka na haikumwambia mtu. Ufunguzi ni saa kumi na mbili jioni.

Hakuna la kufanya ila kuandaa kila kitu kiasi kwamba likifika ni kushusha na kuchomeka. Chai, andazi moja, kazi. Kabla ya saa tisa jua likazama.

Saa kumi na dakika kumi

Giza limeshaingia. Jukwaa lipo, taa zipo, spika hazipo. Niko na koleo pembeni ya kebo kubwa, akaja bwana mmoja mgeni, koti jipya jekundu, kamera shingoni.

"Mnaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, bwana."

"Sasa ni saa kumi na mbili na dakika kumi! Spika ziko wapi?"

Jamani, moyo ulinishuka mpaka kwenye viatu. Kwa sababu ya lile lori, sekunde kadhaa nilimwamini. Nilidhani nimepoteza saa mbili nikizoa theluji na ufunguzi umenipita. Nikavua glavu kwa meno, nikatoa simu. Saa kumi na dakika kumi. Nikamwambia kwa upole kwamba bado karibu saa mbili, akanywe kitu cha moto. Akaninyooshea saa yake ya mkononi. Nikamwonyesha simu. Akasema simu yangu ni mbovu.

Hapo akapandisha sauti. Amelipa tiketi ya ndege, amelipa hoteli, anakuta uwanja mtupu. Kisha akasema neno ambalo bado liko kifuani: "Nataka kuongea na mtu anayefanya kazi hapa." Nimevaa kizibao cha kung'aa chenye jina la tamasha. Nina koleo mkononi. Tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko pale.

Nikamwomba ashuke kwenye kebo, maana alikuwa ameikanyaga na theluji niliyoizikia inabomoka. Mara ya kwanza hakusikia. Mara ya pili alisogea hatua moja na kurudi. Mara ya tatu nilisema kwa sauti ninayotumia kwa watoto. Watu wawili wengine wakasimama, nao wakaanza kutazama saa zao kwa wasiwasi. Msimamizi yuko kwenye simu na dereva wa lori, siwezi kumwita. Vidole vyangu vya mkono usio na glavu vimeanza kuwa vyeupe.

Ndipo nikapata wazo la kumuuliza, "Leo ulitembelea wapi?" Bonde la Pasvik, akasema, ameendesha gari kandokando ya mto asubuhi nzima, Urusi iko ng'ambo. Na simu yako? Imezimika kwa baridi. Na saa ya mkononi? Aliirekebisha kulekule, ilikuwa haiendani na simu.

Kila mwenyeji wa hapa anajua jambo hili. Ukiwa karibu na mto, simu inadaka mnara wa upande wa pili, na saa inaruka mbele saa mbili. Nikamweleza. Akasema haiwezekani. Basi nikamsogezea kioo cha simu yangu karibu na pua, nikamwonyesha ile saa ya pili: saa kumi na mbili na nusu. "Saa yako ni ya Moscow," nikamwambia. "Ndiyo hiyohiyo saa ya mama yangu. Yeye yuko Uganda."

Akakitazama kile kioo muda mrefu. Akaniuliza Uganda iko wapi hasa. Nikamwambia ukichukua ramani ukateremka kusini moja kwa moja kutoka hapa tulipo, unapita Misri, unapita Sudan, unaangukia magharibi ya Uganda. Jua linatupitia mimi na mama karibu wakati mmoja, ila saa zetu zimetofautiana, na ng'ambo ya mpaka huu, mahali ninapoweza kufika kabla chai haijapoa, wanaishi kwa saa ya mama. Mpaka wote ni kilomita 198 na una kivuko kimoja tu cha magari. Sivuki kwenda kule wala yeye havuki kuja huku.

Akaondoka. Hakuniomba radhi. Dakika ishirini zangu zimeishia hapo, na kebo ikabidi niizike upya.

Lori

Likafika, sijui saa kumi na moja kasorobo, sijui na kitu. Tuliokuwa wanne tulifanya kazi ya watu kumi. Tatizo halikuwa uzito. Mashine ya sauti imekaa barafuni usiku kucha, na kibanda chake kina hita. Ukiifungua kwenye joto inatoa jasho, matone yanaingia kwenye vitufe, umeiua. Desturi ni kuiacha imefungwa mpaka ipate joto polepole, na muda huo hatuna. Msimamizi akaamua: zima hita, fungueni milango, kibanda kiwe baridi kama lori. Fundi wa sauti alifanya onyesho zima amevaa glavu zilizokatwa ncha za vidole. Hakulalamika.

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Andazi la mwisho nililila nikiwa nimesimama, limekakamaa pembeni.

Ngoma

Kikundi chetu, Wakongo na Warundi wachache wa huku na watoto wetu, kilikuwa cha tatu kwenye ratiba, baada ya mwimbaji Msami, wa wenyeji wa asili wa kaskazini huku, aliyeimba joik, wimbo wao wa jadi, peke yake bila chombo chochote, na uwanja ukanyamaza mpaka ukasikia moto ukilia kwenye pipa.

Mawingu yalikuwa yameingia, baridi imepungua, theluji imeanza kudondoka. Ngoma ilitoka kwenye gari lenye joto, na kila chembe iliyotua kwenye ngozi iliyeyuka papo hapo. Ngozi ikalegea. Mzee wetu akaipiga mara moja, ikatoa sauti ya gunia. Msimamizi anaonyesha vidole vitano: dakika tano.

Mzee hakujibu. Akaichukua ngoma akaenda nayo kwenye pipa la moto walipokuwa wakiota watazamaji, akainamisha uso wa ngozi kuelekea joto, akawa anaizungusha polepole, anagonga ukingoni kwa kidole kimoja, anasikiliza, anazungusha. Mimi nilishikilia koti langu juu yake kukinga theluji. Nilisikia harufu ya ngozi ikipata moto, harufu ya kwetu kabisa, Masisi, Kongo, jioni za arusi. Sauti ikaanza kupanda. Bado. Bado. Kisha akagonga katikati, ikalia vizuri mpaka watoto waliokuwa wanatetemeka wakainua vichwa.

Walipocheza, mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa kwenye boksi la umeme, macho kwenye swichi. Onyesho sikuliona. Niliona migongo, na mbele yao nyuso za watu wa mji huu wanavyopiga makofi na glavu, mlio mzito wa *puf, puf* kama mtu anayekung'uta blanketi. Hakuna swichi hata moja iliyoruka.

Baadaye

Kutoa kebo usiku ni kazi kuliko kuziweka. Zimeshikana na barafu, unazivunja kwa kisigino, unazibeba kama kuni kuzipeleka gereji zikayeyuke. Mwenzangu alilipigapiga tena lile sanduku la maandishi meupe kabla ya kulifunga.

Nimefika nyumbani usiku mkubwa. Saa ya pili kwenye simu inasema saa saba na nusu, mama amelala, sitampigia. Mzee ameniachia ngoma nilale nayo kwa sababu nyumba yangu iko karibu. Nimeiweka barazani, mbali na hita, ngozi ikikauka kwa haraka hupasuka, na kesho wanapiga tena saa nane mchana kwa ajili ya watoto. Betri nimezitoa kifuani, nimezichomeka kwenye chaja.