Kilomita 11,840 kati ya Nairobi na New York

Nilipopigiwa simu kwamba baba amelazwa, jambo la kwanza nililolitafuta lilikuwa umbali kutoka uwanja wa John F. Kennedy, hapa New York, hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Jibu lilikuwa takribani kilomita 11,840, nalo halikuniambia ni lini ningefika kando ya kitanda chake.

Kilomita hizo hupimwa kwa kufuata mviringo wa dunia, kwa njia iliyo fupi kuliko zote, ambayo kwenye ramani ya ukutani huonekana imepinda: ukitoka Nairobi, haielekei magharibi bali kaskazini-magharibi, huvuka Sahara, hutokea baharini pande za Morocco, kisha hukata Atlantiki. Kwa kuwa ndege ya masafa marefu hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa, hesabu ya haraka inatoa saa 13 na dakika chache. Hata hivyo, safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanzishwa tarehe 28 Oktoba 2018, ilipangiwa saa 15 kuja Marekani na saa 14 kurudi. Sehemu ya nyongeza hiyo hupotea ardhini, maana ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa tena. Lakini ile saa moja ya tofauti huletwa na upepo mkali wa angani uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao humkabili anayekuja huku na kumsukuma anayerudi nyumbani.

Baba alipougua, safari hiyo ya moja kwa moja haikuwapo. Wengi hudhani kwamba kupitia Ulaya ni kuzunguka sana, kumbe Nairobi hadi London na London hadi New York, ukijumlisha, ni kama kilomita 12,380, yaani nyongeza isiyofika kilomita 600. Kupitia Dubai ndiko kunakorefusha njia kweli, kwa sababu jumla hupita kilomita 14,500. Mimi nilipita Ulaya, njia iliyo fupi, na bado nilitumia saa 26, kwa kuwa ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaniacha, nami nikakaa kwenye kiti cha uwanjani nikihesabu saa ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na kilomita. Namshukuru Mungu kwamba nilimkuta baba akiwa macho. Tangu siku hiyo, kabla ya kulipia tiketi, nasoma kwanza muda wa kusubiri kati ya ndege na ndege.

Kinachobaki kutatanisha ni saa za ukutani. Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, na wakati wa joto kwa saa saba. Anayeondoka Nairobi saa tano usiku mwezi wa Januari, akisafiri saa 15, hutua New York saa kumi na mbili asubuhi, na tiketi humwonyesha kana kwamba amesafiri saa saba tu. Mama alihesabu hivyo niliporudi huku, akanipigia simu alfajiri ya kwao ilhali mimi nilikuwa bado angani, na alipoikuta imezimwa akawaamsha ndugu zangu wote. Siku hizi humwandikia kwenye karatasi, kwa saa za Nairobi: mwanao atatua saa nane mchana.