Nilivyojenga msamiati wa Kiingereza cha juu nikiwa kazini Dar

Kiingereza cha salamu, cha kuelekeza mgeni njia na cha kusoma vichwa vya habari nilikuwa nacho tangu sekondari. Nilichokosa ni kile cha juu: maneno yanayojaa kwenye mikataba, ripoti na makala za kitaalamu. Nafanya kazi kitengo cha ununuzi na ugavi katika ofisi moja hapa Dar es Salaam, na kabrasha la zabuni likitua mezani kwangu huwa ni Kiingereza kuanzia jalada hadi mahali pa saini. Wenzangu kazini wamekuwa wakiniuliza nimefanyaje mpaka nasoma kabrasha hilo bila kumsumbua mtu, nami nimeona nieleze kwa maandishi.

Njia niliyopita ni ya watoto wengi wa nchi hii. Shule ya msingi ya serikali tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo. Tukaingia kidato cha kwanza, na ghafla Biolojia, Jiografia na Historia zikageuka Kiingereza. Hapo ndipo lilipo tatizo, na kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha. Mwalimu wa Biolojia alitumia kipindi kizima kutueleza "photosynthesis", akachora na jani ubaoni. Wa Jiografia akatufafanulia "erosion" mpaka ikaeleweka. Lakini "whereas", "despite", "derive", "assume" na "subsequent" hayakuwa na mwalimu. Kila mmoja alidhani tumeshayapata kwa mwenzake. Tukamaliza kidato cha nne tukiwa na istilahi za kila somo, ila gundi ya kuziunganisha hatuna.

Maneno hayo ya katikati yameshafanyiwa utafiti. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa Chuo Kikuu cha Victoria kilichopo Wellington, New Zealand, alitoa orodha ya familia 570 za maneno, familia moja ikiwa ni neno pamoja na yale yanayochipuka kutokana nalo. Alizipata kwa kupekua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno yapatayo milioni 3.5, kutoka sanaa, biashara, sheria na sayansi. Yale maneno ya kawaida yapatayo 2,000, ambayo Michael West alikuwa ameyaorodhesha tangu mwaka 1953, aliyaweka kando. Familia hizo 570 peke yake hubeba takribani asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Kwa hiyo ukisoma maneno 10 ya makala ya chuo, kwa wastani moja limetoka humo. Nilipolijua hilo nilipata nguvu, kwa sababu nilikuwa nadhani Kiingereza cha juu hakina mwisho. Orodha inapatikana bure mtandaoni. Niliichapisha steshenari, nikaipitia na kalamu nyekundu, nikawekea alama yale tu ambayo nilikuwa nimeshakutana nayo kwenye hati za ofisini. Hayo ndiyo niliyoanza nayo, na mengine nikayasubirisha mpaka yajitokeze kwenye kazi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: chagua maneno kwa kazi unayoifanya. Zile orodha zinazosambazwa WhatsApp, za maneno marefu ya kuwashangaza watu, sizipendi. Humo utakuta "loquacious", yaani mtu msemaji sana, neno ambalo sijalikuta kwenye barua yoyote ya kazi. Wakati huohuo "comply", kutii masharti, na "waive", kuondoa sharti kwa hiari yako, yanapita mezani kwangu kila wiki na yanagusa fedha za watu.

Kamusi niliipata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga vitabu chini kando ya barabara, pale mjini Posta. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, unatafuta cha shule?" Nikamwambia nataka kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile ya wanafunzi wa lugha. Akatoa moja ya Longman, akaifungua mbele na nyuma kunionyesha hakuna ukurasa uliochanika. Kamusi za aina hiyo zina siri ambayo wengi hawaijui. Longman walipotoa ya kwanza mwaka 1978 waliamua kufafanua kila neno kwa kutumia maneno mepesi yapatayo 2,000 tu. Ukishakuwa na hayo ya chini, kamusi nzima inafunguka. Ya Kiingereza kwa Kiswahili ninayo pia na naithamini. Huwa naanza na hiyo nipate picha, kisha nahamia kwenye ya Kiingereza nione neno linavyokaa ndani ya sentensi.

Kukaa ndani ya sentensi ndiko kulikonisaidia kuliko kitu kingine chochote. Fikiria kitenzi chetu "kupiga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti, na kote huko hakuna aliyepigwa. Mgeni akijifunza "kupiga" peke yake hajajifunza kitu. Lazima apewe na maneno yanayoandamana nalo. Kiingereza nacho ndivyo kilivyo. Gharama huwa "incurred", malalamiko huwa "lodged", kosa la jinai huwa "committed", mkataba wa zabuni huwa "awarded", na tarehe ya mwisho, mtu aliyewahi husemwa ame-"meet". Tangu nilipolielewa hilo sijaandika tena neno moja pekee kwenye daftari. Naandika kundi lake.

Daftari lenyewe ni kauntabuku la kawaida. Ukurasa wa kushoto nanakili sentensi nzima kama ilivyo kwenye hati, neno gumu nikilipigia mstari. Wa kulia naeleza kwa Kiswahili changu mwenyewe lilikuwa linasema nini siku ile. Kwa mfano "discrepancy". Ankara ya muuzaji ilisema katoni 40 za karatasi, stoo ikawa imepokea 38, na mhasibu akaandika pembeni akitaka tueleze "discrepancy" hiyo. Kulia nikaandika: karatasi inasema hivi, mali iliyopo inasema vingine. Neno hilo halijanitoka mpaka leo, kwa sababu ukilitaja naziona zile katoni mbili ambazo hazikufika.

Kuna maneno ambayo sura yake ya mtaani inakupeleka kusiko. "Damage" ni uharibifu, kila mtu analijua. Lakini kwenye mkataba "damages", yenye herufi s mwishoni, ni fidia ya fedha. "Liquidated damages" ni kiwango cha fidia ambacho pande mbili zimekubaliana mapema, kabla kazi haijaanza, endapo mzabuni atachelewa. Ukiyatafuta maneno hayo mawili kila moja kivyake hutaipata maana. Na ugumu hauko kwenye urefu. Mkuu wetu wa kitengo, mama mmoja aliyekaa kwenye kazi hii muda mrefu, aliwahi kuniita nikiwa napitia masharti. "Mwanangu, hapa wameandika shall. Wangeandika may tungekuwa na hiari. Hiyo ni amri, lazima dhamana iambatishwe." Maneno mafupi kabisa, yanayofundishwa mapema sekondari, na ndiyo yanayoamua mzabuni aendelee au atolewe.

Baada ya hapo nikaingia kwenye mizizi, na hapa sisi wa Kiswahili tuna faida kubwa. Tumezaliwa na lugha inayounda maneno kwa kubandika vipande. Kutoka "soma" tunapata msomaji, usomaji, somo, someka, somesha, na hakuna aliyetufundisha kwa kutumia jedwali. Kiingereza cha juu kimejaa vipande vya Kilatini vinavyofanya kazi ileile. Kipande "spect" ni kutazama: "inspect" ni kukagua, "prospect" ni matarajio ya mbele, "retrospect" ni kutazama nyuma. "Dict" ni kusema: "predict" ni kutabiri, "contradict" ni kusema kinyume, "verdict" ni uamuzi wa mahakama, asili yake likiwa na maana ya kusema kweli. "Bene" ni wema na "mal" ni ubaya, hivyo "malnutrition" na "malfunction" unazifungua mwenyewe bila kamusi. Ila chunga. Kipande "in" mara nyingi ni kukanusha, kama "inadequate", isiyotosha. Lakini "invaluable" ni chenye thamani kubwa mno, na "inflammable" ni kinachoshika moto upesi, sawasawa kabisa na "flammable". Kwa mtu anayefanya kazi karibu na malori ya mafuta yanayopita Barabara ya Mandela, kulielewa hilo vibaya ni hatari ya kweli.

Nilijiuliza pia kwa nini Kiingereza kina maneno mawili mawili kwa jambo moja: "buy" na "purchase", "begin" na "commence". Jibu limo kwenye historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, ikulu na mahakamani. Maneno ya wananchi yakabaki mepesi, ya watawala yakawa mazito. Ndiyo maana hati za sheria huandika yote mawili pamoja, kama "will and testament", moja la Kiingereza cha zamani na la pili la Kilatini. Mwaka 1362 Bunge lao likapitisha sheria kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakukielewa Kifaransa. Nami nikakumbuka kwamba hapa kwetu sheria ilirekebishwa mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Suala ni lilelile, la mtu kuelewa anachohukumiwa nacho.

Uzito huo wa maneno tunaujua vizuri. Kuku amekufa, mzee amefariki. Hakuna Mswahili anayekosea hapo. Kwa hiyo sasa nikipata neno jipya la Kiingereza nauliza pia ni la ngazi gani: la barua rasmi, la mazungumzo au la mahakamani. Kwenye barua pepe kwa muuzaji ninayemzoea naandika "buy" na "start". Kwenye mkataba naandika "purchase" na "commence".

Kuyakumbuka nako kunataka utaratibu. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau hutoweka mapema sana, kisha kasi inapungua. Dawa ni kurudia kabla hakijapotea, kila mara ukiongeza muda wa kusubiri. Miaka ya 1970 mwandishi Sebastian Leitner akaugeuza ujuzi huo kuwa boksi lenye vyumba vitano. Kadi zote huanza chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukijibu sawa, kadi inasogea chumba kinachofuata, kinachopitiwa kwa nafasi ndefu zaidi. Ukikosa, inarudi mwanzo.

Boksi langu ni la viatu, nimelikata vyumba kwa makaratasi magumu. Kadi ni zile za michango ya harusi, ambazo mtu wa Dar hakosi kuwa nazo droo nzima. Nyuma ni nyeupe na karatasi yake haipindi. Nazikata vipande vinne: upande mmoja sentensi yenye pengo, wa pili neno lenyewe. Kwenye simu kuna programu ya Anki, iliyoanza mwaka 2006, inayofanya hesabu hiyo yenyewe, na kwa simu za Android ni ya bure. Ni nzuri, na mwenye nafasi aitumie. Mimi asubuhi nakuwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara, tumebanana mpaka mlangoni, na simu siitoi. Kadi chache mfukoni zinatosha mpaka nashuka Kivukoni.

Matamshi sitayasemea mengi. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hubeba tabia hiyo hadi kwenye Kiingereza, ambacho mkazo wake unahama: "photograph" unakaziwa mwanzo, "photographer" unakaziwa silabi ya pili. Nasikiliza sauti kwenye kamusi ya mtandaoni na kuweka nukta juu ya silabi inayokaziwa. Na herufi b ya "debt" haitamkwi kabisa. Neno lilikuja kutoka Kifaransa bila b, wasomi wakaiongeza ili lifanane na Kilatini.

Neno naliona limekuwa langu siku ninapoliandika kwenye barua ya kazi na mkuu wangu analipitisha bila kulifuta. Ripoti za tathmini ya zabuni sasa naziandika mwenyewe, na masharti ya mkataba nayajadili na mwanasheria wetu tukiwa kwenye ukurasa mmoja wa hati ileile. Kadi ninazozikata siku hizi ni za fedha, "accrue", "depreciation" na "contingency", kwa sababu nimeanza kukaa kwenye vikao vya bajeti. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha pili, ameniomba na yeye boksi lake. "Mama mdogo, nianze na yapi?" Nimemwambia aanze na yale ya kwenye maswali ya mtihani: "account for", "justify", "distinguish between", maana asipojua anaulizwa nini jibu lake la Historia halitamsaidia hata kama analo. Jumapili tulikata kadi zake, na maswali ya mitihani iliyopita ndiyo tunayoyapekua sasa.