Uvimbe kwenye kende la mwanangu: tulivyoupima na kuutibu

Mwanangu alikuwa hajatimiza miezi sita nilipogundua, nikimwogesha, kwamba kende lake la kushoto limelizidi la kulia. Halikuwa jekundu wala halikumuuma. Nililibonyeza taratibu, yeye akaendelea kupigapiga maji. Karibu kila niliyemweleza alisema ni mshipa, yaani maji yaliyojaa kuzunguka kende, utaisha wenyewe. Daktari wa watoto alimulika pumbu kwa tochi, mwanga ukapenya, dalili kwamba ndani ni maji, lakini alipopapasa akaona maji hayakulizunguka kende, yamo ndani yake. Akatuandikia ultrasaundi.

Kwenye skrini nilioneshwa duara jeusi tii lenye ukuta mwembamba, ndani hamna kinyama wala damu inayopita. Hiyo ndiyo sura ya kifuko cha maji tu. Hata hivyo, uvimbe wa ndani ya kende hauamuliwi kwa picha peke yake, hivyo akapimwa na damu, kipimo cha AFP, protini ya kwenye damu ambayo hupanda kwenye baadhi ya saratani za kende.

Majibu yakaja yako juu. Nguvu ziliniishia. Kumbe kiwango kilichochapwa pembeni mwa karatasi kilikuwa cha mtu mzima! Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba mtoto huzaliwa na AFP nyingi mno, nayo hushuka polepole katika mwaka wa kwanza. Ya mwanangu ililingana na umri wake. Mzazi anastahili kuambiwa hilo kabla hajakabidhiwa karatasi ile.

Kifuko kidogo cha namna hii huweza kuachwa na kufuatiliwa kwa ultrasaundi. Cha kwetu kilizidi kukua na kulibana kende, tukakubali upasuaji. Swali langu lilikuwa moja, na nililirudia bila haya: mtalitoa kende lote? Nikaambiwa watapasua kinenani, si kwenye pumbu, ili ikitokea ni saratani wasiifungulie njia ya kusambaa. Wangebana mishipa ya damu kwa muda, watoe kifuko peke yake, na kinyama kilichotolewa kigandishwe na kupimwa papo hapo mtoto akiwa bado kwenye nusu kaputi. Nilihakikisha mpimaji wa kinyama atakuwapo siku hiyo, kwa sababu bila yeye uamuzi wa kuliacha kende ungekuwa wa kubahatisha.

Kinyama kikaonekana salama, kende likarudishwa mahali pake. Majibu kamili ya patholojia yalithibitisha hakuna saratani. Ultrasaundi ya marudio imeonesha kende limekua vizuri na kifuko hakijarudi.