Konokono wa Paris

Novemba 2009, siku yangu ya pili Paris, nilisimama saa nzima na nusu mbele ya Hôtel de Ville, jumba la ofisi ya meya wa jiji, nikimsubiri mama mdogo. Asubuhi aliniambia kwa simu ya hosteli: "Njoo mbele ya mairie, saa tisa nitakuwepo." Kamusi yangu ilisema mairie ni ofisi ya meya, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwenye jumba lile lenye masanamu ukutani. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Vidole vilikufa ganzi ndani ya glavu za kuazima, na laini yangu ya Tanzania haikushika mtandao.

Bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga aliona machozi yananilengalenga. Nikampa karatasi yenye anwani. Jina la mtaa hakulisoma hata. Alikwenda moja kwa moja kwenye namba ya posta, 75018, akaziba tarakimu tatu za mwanzo kwa kidole gumba, ikabaki 18. "Dix-huitième!" Akaigeuza karatasi, akachora konokono: namba 1 katikati, penye makumbusho ya Louvre, kisha mstari ukizunguka kama mishale ya saa mpaka 20. Kila kipande cha jiji ni arrondissement, na wakati ule kila kimoja kilikuwa na mairie yake. Mimi nilikuwa kwenye 4.

Nikapanda treni ya chini, laini namba 1 hadi Concorde, nikabadili namba 12 hadi Jules Joffrin, penye mairie ya 18. Mama mdogo alikuwa bado yupo, kajifunga mtandio juu ya koti, pua imemwiva. "Kosa langu, mwanangu. Huku mtu akisema mairie, ana maana ya kwao."

Usiku ule nilimuuliza: mama, hilo neno arrondissement hasa lina maana gani? Alikuwa fundi cherehani, na kazi ilikuwa mezani. Akanivisha sketi pana ya mteja aliyelingana nami kimo, akanipandisha juu ya kigoda. Kando yangu akasimamisha rula yenye mguu, na kimpira kilichojaa unga wa chaki. Akakiminya: puu! Kistari cheupe kikatokea kwenye kitambaa. "Geuka kidogo." Puu!

"Hiki kinaitwa arrondisseur," akasema. "Sketi pana ukiitundika, pindo hushuka pengine na kupanda pengine. Hiki kinanionyesha pa kukata ili pindo lote liwe sawa na sakafu. Rond ni mviringo. Arrondir ni kuviringisha, kukamilisha mzunguko. Arrondissement imetoka humo."

Mwenye shamba naye, akaniambia, akinunua kiwanja cha jirani ili mpaka wake ukae vizuri, Wafaransa husema ameviringisha ardhi yake. Ndivyo lilivyofanya jiji lenyewe. Mwaka 1795 liligawanywa sehemu 12. Mwaka 1860 likameza vijiji vya pembeni, zikawa 20. Montmartre, kilima kilichokuwa juu ya dirisha letu, kiliingia hivyo. Na fundi anayeshona usiku ili mshahara ufike tarehe 30, basi anaviringisha mwisho wa mwezi. Hapo alicheka, maana alikuwa anajitaja yeye.

Mimi nikawaza maneno ya kwetu. Wilaya na tarafa tumezipokea kutoka Kiarabu, na tarafa kwa asili ni upande, ukingo. Lakini kata! Nimeishi Tanga miaka yote ile nikiandika jina la kata kwenye fomu, sijawahi kusikia mkasi ndani yake. Nilimwambia mama mdogo: wao wanaviringisha, sisi tunakata.

Alikuwa amepiga magoti, pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja. "Na mimi navifanya vyote viwili kwenye sketi moja," akasema. "Haya, geuka."

Nikageuka. Puu!