Leo nimeingia nyumbani kwa Kamaraj

Nipo Chennai, India, nimemsindikiza mjomba kwenye matibabu. Leo hakuwa na miadi ya daktari, nikachukua bajaji hadi T. Nagar, kwenye nyumba ya K. Kamaraj.

Huyu mzee aliongoza jimbo la Madras, leo Tamil Nadu, kuanzia 1954 hadi 1963. Shule aliiacha angali mtoto, na Waingereza walimfunga mara kadhaa. Alipopata madaraka akajenga shule hadi vijijini, watoto wakapewa chakula cha mchana bure.

Mwaka 1963 akajiuzulu mwenyewe akaimarishe chama cha Congress. Shastri na Indira Gandhi walipoukwaa uwaziri mkuu, mkono wake ulikuwemo.

Na nyumba yenyewe jamani, alikuwa amepanga tu!

Ila aliyenigusa ni dereva wangu. Kaegesha bajaji, kavua ndala mlangoni, kaingia nami bila kualikwa. Akasimama mbele ya picha, viganja vimekutana kifuani.

Akaniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga: mama yake alipelekwa shule kwa ajili ya ule wali wa mchana. Nyumbani chakula kilikuwa cha shida. Ndipo akajua kusoma.

(Nauli hakupunguza hata rupia moja, biashara ni biashara 😄)

Halafu 1967, Virudhunagar, kwao kabisa, wakamnyima Kamaraj kura, wakampa kijana kiongozi wa wanafunzi. Siasa!

Haya, mliosoma enzi za uji wa shule: nani alikuwa anafuata uji? Semeni ukweli.