Kituo chetu cha bahari, Juani: paa limekwisha

Jana alasiri tulifunika mgongo wa nyumba kwa makumba, yaani makuti mazima yaliyosukwa, na fundi wa mwisho alipoteremka, kina mama waliokuwa chini ya mwembe wakishona makuti ya viungo walipiga vigelegele. Nimeona nisilale kabla sijaandika.

Kwa mnaoanza kufuatilia sasa: nyumba yenyewe ilikuwa banda la kuwekea mwani, limeachwa miaka mingi, hapa kijijini kwetu Juani, kisiwa kidogo kando ya kisiwa kikubwa cha Mafia. Mkutano mkuu wa kijiji ulitukubalia tuligeuze kituo ambamo mtoto, mvuvi na mgeni ataingia akajua kilichomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ina kilomita za mraba 822, na sisi tunaishi ndani yake. Muulize mtoto wa darasa la tano hifadhi ni nini, atakutajia makatazo: juya (wavu wa kukokota) marufuku, baruti marufuku, mayai ya kasa marufuku. Muulize kasa hutaga mayai mangapi, ananyamaza. Mtoto wa pwani kuijua bahari yake kwa makatazo tu, hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nianze kugonga milango ya watu.

Makuti yote yametoka kwa wanakijiji. Kila nyumba ilitoa ilichoweza, wengine viungo kumi, wengine thelathini, na bibi mmoja alileta vitatu, akavipanga mwenyewe ukutani akasema, "Vihesabuni na vyangu." Vimehesabiwa. Fedha taslimu tulizochanga zimekwenda kwenye misumari, saruji na nauli.

Sakafu imetuchelewesha karibu miezi miwili. Ile ya kwanza tuliimwaga kwa mchanga wa ufukweni, kwa kuwa ulikuwa karibu na ni wa bure. Baada ya wiki chache ikaanza kutoa unga mweupe wa chumvi, asubuhi ina unyevu kama imemwagiwa maji, ukipita na jembe inachubuka. Ilibidi tuivunje yote. Lakini chumvi haikuniumiza kama neno la mzee mmoja aliyekuja kutazama: "Mnajenga nyumba ya kasa kwa mchanga wa kasa?" Ni kweli. Sisi ndio tunaotaka watu wasichimbe fukwe, na tulikuwa tumeuchota kwa ndoo. Mchanga wa pili umetoka shimoni, kisiwa kikubwa, mashua imeuvusha kwa safari tatu, na nahodha hakutaka nauli.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote mle ndani ni sanduku la kiota. Ni sanduku la mbao lenye kioo upande mmoja, limejaa mchanga, ili uone kiota kama vile kimepasuliwa katikati. Kasa huchimba kwa mapezi ya nyuma, na shimo huwa refu kiasi kwamba mtu mzima akilala kifudifudi na kutumbukiza mkono mpaka begani ndipo anagusa mayai ya chini. Kwa mayai tumetumia mipira ya tenisi ya meza, 110, kwa sababu umbo na ukubwa vinakaribiana sana. Tulipoyamimina, watoto walikaa kimya. Mmoja akauliza kwa nini mengine yamepakwa rangi. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kueleza jambo linaloshangaza hata watu wazima: yai la kasa halina jike wala dume mpaka mchanga uamue. Kiota kikiwa chini ya nyuzi joto 29 hivi, hutoka madume wengi. Kikipita hapo, majike. Kwa hiyo mti wa ufukweni unaotoa kivuli una kazi, na anayeukata anagusa kizazi cha kasa asichokiona. Mayai hukaa mchangani kama siku 50 hadi 60.

Ubao wa majina ndio uliozua mabishano. Nilitaka kila mti wa mikoko uandikwe jina la hapa kwetu, si la kitabuni. Tukaita wazee, tukaweka matawi mkekani. Mchu haukuwa na ubishi, mkomafi pia, tunda lake kubwa kama mpira kila mtu analijua. Tulipofika kwenye ule wenye mizizi ya matao, mmoja akasema mkoko, jirani yake akamkatiza: "Mkoko ni yote, mwanangu. Huo ni mkaka." Wakaendelea mpaka adhuhuri. Mwishowe tumeandika yote mawili, na chini yake kazi za mti: boriti za nyumba, kuni, na mizizi inayowaficha samaki wadogo. Kwenye mlilana, fundi wa vyombo vya baharini aliyetoka kisiwa cha Jibondo alitaka iandikwe kwamba mti huo hutoa mataruma, yaani mbavu za dau. Imeandikwa. Ubao wenyewe ni mbao za dau lililochakaa, alizotupatia yeye. Matundu ya misumari bado yanaonekana, na nimesema yasizibwe.

Kuna walioshauri tuweke tangi la samaki hai ili tuvute wageni. Nimepinga tangu mwanzo na bado napinga. Samaki wa tangini anahitaji umeme usiokatika, na hata tungekuwa nao, miamba iko hatua chache kutoka mlangoni. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hukauka mnamo saa nne asubuhi, ukitembea kwenye vidimbwi unakuta jongoo bahari, viti vya pweza (yaani nyota za bahari) na kaa wanaokimbilia chini ya mawe. Mle kituoni tunaonyesha tu namna ya kutembea: usikanyage matumbawe, ukigeuza jiwe lirudishe lilivyokuwa, kwa maana walio chini yake hufa kwa jua.

Yaliyobaki: madawati mawili, ramani ya Ghuba ya Chole ambayo mwalimu wa sayansi ameanza kuichora ukutani, na maandishi ya papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote. Yeye tutamwekea kona ndogo, kwani maji yake hasa ni upande wa Kilindoni, mji wa kisiwa kikubwa, kuanzia Oktoba hadi Machi, na wenzetu wa kule wanamjua zaidi.

Mlango pia bado. Bawaba zimefika, mbao ziko Jibondo zinasubiri mashua. Wanafunzi wa darasa la tano wanakuja bamvua ijayo, na nimewaambia wavae viatu vya plastiki. Mlango ukichelewa, wataingia hivyo hivyo.